Masika ya Kumtafuta Melkior

Jumatatu, 4 Machi 1996

Jana ukoo ulikaa kwetu kuanzia baada ya misa mpaka pombe ya mbege ikaisha, na kwa kuwa mbege ilikuwa nyingi, mambo mengi yaliamuliwa. La kwanza, barabara ni mbovu. La pili, bei ya kahawa ni mbovu kuliko barabara. La tatu, mdogo wangu Melkior, aliyeondoka hapa Kibosho mwaka 1981, ama yuko hai ama amekufa, na wa kwenda kuiuliza serikali ni mimi Theopista.

Nimechaguliwa kwa kuwa nasoma mwandiko wa mtu yeyote, ingawa shule niliishia darasa la nne na mengine nimejifunzia kwenye magazeti ya kufungia nyama. Sababu ya pili hakuna aliyeitaja: nilisharudi kwetu kutoka kwa mume, kwa hiyo hakuna wa kuniuliza naenda wapi.

Niandike jambo lenyewe lilivyo, hapa nyuma ya daftari la vipimo vya sare za shule, maana nikiliweka kichwani litanipikia mambo mengine. Melkior ni kitinda mimba. Alipokuwa kijana aling'oa mstari mzima wa kahawa ya baba akapanda nyanya. Wakati ule kung'oa kahawa kulikuwa kama kumpiga padri. Baba alimwambia mbele ya watu, "Ondoka, na jina langu usilibebe." Akaondoka. Wengine wakasema yuko Mombasa, wengine Voi. Halafu mwaka 1990, baba akiwa kitandani, aliwaita wazee akasema kihamba hiki, shamba letu la nyumbani, chenye nyumba ya mama na migomba yake, ni cha Melkior, na asikiguse mtu mpaka arudi. Watu walitazamana. Wiki ile ile akafa.

Sasa kaka yetu Onesphory, mwenye watoto sita na kipande kisichotosha kumgeuza ng'ombe, anakitaka kihamba hicho. Mahakama ya mwanzo imemwambia alete cheti cha kifo cha Melkior. Anataka ang'oe kahawa apande nyanya. Siku hizi kila mtu anang'oa, na hakuna anayefukuzwa.

Mama alimenya ndizi mpaka wageni wakaondoka.

Nitatafuta kwa bidii zote, huku naomba nisipate.


Jumatano, 6 Machi

Mvua za masika zimeanza. Ng'ombe wa Onesphory ameingia kwenye maharage yetu. Onesphory anasema ng'ombe hajui mipaka. Nikamwambia amefanana na mwenyewe.


Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda mjini. Masjala ya vizazi na vifo ni chumba cha nyuma, chenye dirisha moja linalofunguka na mawili yanayokataa. Karani wake anaitwa Eunike, mtu wa Rau, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na chupa ya chai asiyoionyesha.

"Unatafuta mtu au unatafuta cheti?"

"Natafuta kama kuna cheti."

"Amekufa lini?"

"Hatujui kama amekufa."

Akavua miwani. "Dada, hapa huwa wanakuja wanaojua."

Nikamweleza. Nikamwuliza pia kama ni kweli, nilivyosoma, kwamba kumbukumbu hizi ni za umma.

"Ni za umma kabisa," akasema. "Ufunguo ndio wa serikali."

Alinipa masharti. Mwaka mmoja kwa safari moja, kwa kuwa na wengine wanasubiri. (Kwenye benchi alikuwepo mzee mmoja, amelala.) Nyuma ya kila daftari kuna orodha ya majina, imepangwa kwa jina la baba. "Hapa hatumtafuti mtu," akasema, "tunamtafuta baba yake. Baba yako nani?"

"Rogati."

Akashusha kidole kwenye herufi ya R ya mwaka 1981 taratibu, kama anayepima sukari. "Hakuna."

Nilipanda mlima nimelowa mpaka mifupa na moyo mkavu kabisa. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Hakuna," nikamwambia.

Alinipikia mtori wa ndizi wenye nyama. Na ilikuwa siku ya kazi, si sikukuu.


Jumatatu, 18 Machi

1982. Hakuna. Kiburu cha ndizi na maharage, na maziwa ya mgando.


Jumatatu, 25 Machi

1983. Hakuna. Mama amenitandikia kitanda mwenyewe, mimi mwenye miaka arobaini na miwili. Onesphory alikuja kuuliza. Nilipomwambia hakuna, alitazama chini, akasema, "Sawa." Sijui alikuwa na huzuni ya kukosa shamba au furaha ya kutokosa ndugu. Uso wake hauandikwi vizuri.


Ijumaa Kuu, 5 Aprili

Mvua haijakata tangu juzi. Njia ya kanisani imekuwa mto. Onesphory alikuja alfajiri na jembe, bila kuitwa, akachimba mfereji kuzunguka nyumba ya mama ili maji yasiingie. Kisha akambeba mama mgongoni mpaka njia ya mawe. Mama akiwa juu alikuwa anamwelekeza, "Kushoto. Kushoto, nimesema, wewe huoni?" Naye anajibu, "Ndiyo mama," kama mtoto aliyetumwa chumvi.

Nilikuwa nimeshamaliza kumwandika Onesphory kichwani mwangu. Itabidi nifute kidogo.


Jumatatu, 15 Aprili

Paa la masjala linavuja. Nimemkuta Eunike amesimama juu ya kiti, anahamisha madaftari kutoka rafu ya juu, na chini ndoo tatu zinaimba kila moja kwa sauti yake.

"Nimeandika barua kuhusu paa hili," akasema. "Barua yenyewe ilikuwa kwenye rafu ile. Imelowa."

Tulihamisha wote wawili. Kwa sababu hiyo alilegeza masharti, nikaangalia miaka minne kwa mpigo. Daftari la 1986 kurasa zilikuwa zimeshikana kama mkate uliodondokea kwenye chai, lakini orodha ya nyuma ilisomeka. R. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Hakuna.

"Ndugu yako anajua kujificha," Eunike akasema.

"Au yuko hai."

"Au yuko hai," akasema. Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa.


Jumatatu, 22 Aprili

Tumemaliza mpaka mwaka jana. Kwa jina la Rogati hayupo Melkior yeyote aliyekufa katika wilaya hii. Eunike ameniandikia karatasi yenye mhuri kusema hivyo, na mhuri ameupiga mara mbili, wa pili kwa ajili ya mama.

Nilimsomea mama karatasi ile mezani. Akaniomba nirudie. Onesphory alisikiliza akiwa amesimama, kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Basi atarudi atukute," akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe. Nilicheka peke yangu jikoni. Tangu niachike sikuwa nimecheka peke yangu.


Alhamisi, 25 Aprili

Leo mama ameniita shambani, kwenye migomba, mahali asipoweza kusikika na mtu.

"Ulimtafuta kwa jina la nani?"

"La baba, mama. Majina yote yanapangwa hivyo."

Akakata jani kavu. Akakata jingine. Nikadhani mazungumzo yameisha.

"Siku ile anaondoka," akasema, "nilimfuata mpaka kwenye mfereji. Alikuwa analia, mtu mzima na ndevu zake. Ananiambia, mama, sasa mimi nitaitwa nani? Nikamwambia, kama amekunyima lake, chukua langu."

Hakuna mwanamume huku kwetu anayeitwa kwa jina la mama yake. Hata yule ambaye baba yake hajulikani, babu humpa lake. Isingenijia kichwani hata ningetafuta miaka kumi. Wala isingemjia Onesphory, wala ukoo mzima na mbege yao.

"Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Nilitaka utafute usipate. Umefanya hivyo, mwanangu, nakushukuru. Lakini tangu uniletee ile karatasi silali. Ile si habari yake. Ile ni habari ya baba yako." Akanitazama. "Nenda ukatafute kwa langu."

Mama anaitwa Anyesi.


Ijumaa, 26 Aprili

Sikwenda. Mvua.


Jumatatu, 29 Aprili

Sikwenda. Sare za watu.


Alhamisi, 2 Mei

Sikwenda. Cherehani imekatika mkanda, na mtu hawezi kuacha cherehani katika hali hiyo. Mama haniulizi. Ananipikia ugali mtupu.


Jumatatu, 6 Mei

Nimekwenda.

Eunike alifurahi kuniona, akadhani nimemletea ndizi. Nilipomwambia jina akafungua madaftari mwenyewe bila kusema habari ya mwaka mmoja kwa safari moja. Herufi A. 1981, hakuna. 1982, hakuna. Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, sijui kwa nini.

Orodha ya 1986 ilikuwa naye. Melkior Anyesi. Zile kurasa zilizoshikana, Eunike alizitenganisha kwa kisu cha mkate, moja moja, anapuliza. Kisha akanigeuzia daftari nisome mwenyewe. Namheshimu kwa hilo.

Melkior Anyesi. Mwanamume. Miaka 27. Mkata miwa. Homa. Tarehe 19 Aprili 1986. Makazi, kambi ya wakata miwa. Aliyetoa taarifa, Jacob Msengi, mfanyakazi mwenzake.

Mashamba ya miwa yanaonekana kutoka mlango wa jikoni kwetu. Jioni wanapoyachoma kabla ya kukata, tunasimama pale tunaangalia moshi, tunasema leo wanachoma upande wa huku, leo upande wa kule. Tumemtafuta Mombasa. Tumemtafuta Voi. Kuna mjomba aliyekula nauli yetu akasema amemwona Nairobi na suti. Kumbe miaka mitano alikuwa chini pale, ananyoosha mgongo na panga mkononi, anatazama juu kwetu. Mlima ukiwa wazi alikuwa anaiona mpaka migomba.

"Kaa," Eunike akasema, akaniachia kiti chake. Chumba kile kina kiti kimoja.

Baada ya muda akauliza kama aandike cheti. Nikasema aandike. Akauliza uhusiano wangu na marehemu. Nikamwambia anipe dakika.


Jumanne, 7 Mei

Jana nilipofika mama alikuwa jikoni, amenipa mgongo.

"Umepata," akasema.

"Nimepata."

"Wamemwandikaje?"

"Melkior Anyesi."

Akageuka. Nilidhani atapiga kelele, majirani waje, nami nipate kazi ya kufanya. Alisema neno moja tu. "Alilitumia."

Leo asubuhi nilimwambia Onesphory. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, nje, mvua inamnyeshea.

"Alikuwa wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono.

"Pale?"

"Pale."

"Mwaka themanini na nne nilikuwa tingo wa lori. Tulipeleka mbolea pale. Tulilala pale, Theo." Akajipangusa uso, kazi bure kwa mtu aliyekaa mvuani. "Nilinunua miwa nikala."

Nilimpa cheti, maana ndicho alichokitaka tangu mwanzo. Alikikunja, akakirudisha mkononi mwangu, akasema nikiweke mahali pakavu.

Mama alitoka akatuuliza swali ambalo sisi wote hatukulifikiria.

"Nani alikwenda ofisini kusema amekufa?"

"Anaitwa Jacob. Walikuwa wanakata miwa pamoja."

"Mtafute. Angeweza kumwacha aende bila kuandikwa, hakuna ambaye angemwuliza. Nenda ukamshukuru."


Jumatatu, 20 Mei

Mvua zinapungua. Kumtafuta aliye hai ni kugumu kuliko mfu, hana daftari. Kule kambini nilienda mara mbili. Waliniambia Jacob alipunguzwa kazi pamoja na wengine shirika la sukari lilipobanwa kifedha, na kwamba sasa anashona viatu mtaa wa Majengo. Leo nimemkuta, kibarazani mwa duka la mkaa, mtu mrefu wa Singida mwenye misumari mdomoni.

Nilimwambia mimi ni dada yake Melkior. Akatoa misumari mmoja mmoja, akaipanga kwenye kopo.

"Theopista," akasema. "Wa cherehani."

Nikakalia ukingo wa kibaraza.

"Alikuwa anatusimulia habari zenu nyote. Jumapili tukipumzika alikuwa anatuonyesha kwenu. Pale palipo na mnara wa kanisa, shuka kidogo. Sisi tunamtania, twende basi tukale ndizi za mama. Anasema mwaka huu Krismasi. Kila mwaka Krismasi. Nyie Wachaga Krismasi hakuna anayebaki chini, lakini yeye alibaki na sisi wa mbali."

"Mama amenituma nikushukuru. Kwa kumwandikisha."

"Mama ndiye aliyekutuma?" Alionekana kushangaa. "Kumbe mzee alimwambia."

"Mzee gani?"

Jacob alinitazama, kisha akatazama kiatu alichoshika, kiatu cha mtoto, kama kinaweza kumsaidia.

"Dada, mimi nilipanda kwenu. Tulipomaliza kuzika, siku ya tatu. Nilifuata ule mnara. Nikamkuta mzee peke yake anapogoa kahawa. Nikamwambia, shikamoo, natafuta kwa kina Melkior. Akasema hakuna mtu wa jina hilo hapa. Nikamwambia, basi amekufa. Mzee alishika mti wa kahawa. Alishika hivi, nikaona matawi yanatikisika. Akaniambia, mama yake usimwambie, nitamwambia mwenyewe. Akanipa ndizi nishuke nazo."

Nilihesabu kichwani bila kutaka. Baba alifariki 1990. Miaka minne alikula na mama chungu kimoja, mama anamtajia Melkior kila mvua, naye anajua. Ile siku aliyowaita wazee akasema kihamba ni cha Melkior na kisiguswe mpaka arudi, alikuwa anajua kwamba amempa mtu aliye kaburini. Ndiyo sababu hakuna aliyemwelewa.

"Hakumwambia," nikasema.

"Lakini alikuja," Jacob akasema, kama anayemtetea. "Wiki ile ile. Alishuka kwa miguu. Alikuwa amebeba mti fulani, shina refu la kijani lenye majani marefu, mimi miti yenu siijui. Hakusema na mtu. Akauchomeka kwenye kaburi, akasimama, akarudi zake mlimani."

Mimi naijua. Ni isale. Kwetu mtu aliyekosa sana, kosa lililopita maneno, humpelekea isale yule aliyemkosea. Halina hotuba. Likishaletwa, aliyekosewa hana njia ila kusamehe. Baba yangu, ambaye sikumsikia akimwomba mtu radhi hata alipomkanyaga, alishuka mpaka kwenye miwa na isale begani.

Sijamwambia mama. Nimemwambia tu kwamba Jacob analijua kaburi.


Jumamosi, 25 Mei

Tulishuka watatu: mama, Onesphory, mimi. Jacob alitupokea kwa gari la kukodi na kofia mkononi. Mama alimsalimia kwa kumshika mikono yote miwili, hakuiachia njia nzima, hata Jacob alipotaka kujikuna pua.

Makaburi ya kambi yako ukingoni mwa mfereji wa kumwagilia. Misalaba ya mbao imeliwa na mchwa, majina hayapo. Jacob alianza kusema ni la mstari wa pili, au wa tatu, lakini hakukuwa na haja. Katikati ya majani makavu kulikuwa na kichaka kimoja cha isale, kirefu kupita Onesphory, kimenyonya maji ya mfereji miaka kumi. Hakuna isale lingine pale chini kote. Watu waliolala pale ni wa Singida, wa Kigoma, wa Dodoma. Hawana mila hiyo.

Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia mama. Sikuyahitaji. Alisimama mbali kidogo, akatazama majani yale kutoka juu mpaka kwenye udongo.

"Alikuja hapa," akasema.

Jacob aliinamisha kichwa.

"Alijua."

"Alijua, mama," nikasema.

Onesphory alipiga magoti akaanza kung'oa majani kwa mikono, kwa haraka, kama kuna mtu anakuja kumkataza. Alilia kwa sauti, mtu ambaye kwenye msiba wa baba alikuwa anapanga viti. Mama hakulia. Alikwenda mpaka kwenye kichaka, akashika jani moja, akalipitisha katikati ya vidole mpaka nchani, akaliacha.

"Huyu alimletea," akasema. "Mimi hakuniletea."

Tulichukua udongo kwenye mfuko, tukaupeleka nyumbani.


Jumatatu, 3 Juni

Ukungu. Baridi imeanza. Onesphory amesema kesi ya kihamba isubiri mavuno. Sikumwuliza mavuno ya mwaka gani.


Jumapili, 9 Juni

Udongo tuliuzika Alhamisi, chini ya migomba ya mama. Jacob alipanda mlima kuja kwetu, akala ndizi za Melkior, akaulizwa na kila mtu, akajibu kila mtu.

Leo baada ya misa mama alinishika mkono tukaenda sakristia, kwa katekista anayeandika nia za misa. Kila Juni tangu 1990 mama hutoa misa ya baba, na katekista alikuwa ameshafungua ukurasa.

"Rogati, kama kawaida," akasema, anaandika.

"Futa," mama akasema. "Andika Melkior."

Akafuta. "Melkior Rogati."

"Melkior Anyesi."

Katekista alinitazama mimi, akidhani mama amechoka. Nikamwambia aandike alivyoambiwa. Akaandika. Ni mtu mwema, hakutaka kuacha jambo bila kuelewa, akauliza, "Na mzee, mama? Mwaka huu hatumwombei?"

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, anajitanda khanga kwa sababu ya ukungu.

"Asubiri," akasema. "Mimi nimesubiri."